Anakwenda Nayo Wapi? Siku Sita Mbele ya Mavazi ya Picha za Kale, London

Baba yangu ni fundi wa kanzu mjini Unguja. Mteja akiingia dukani na kitambaa kwapani, baba hashiki futi kabla ya kumwuliza, "Unakwenda nayo wapi?" Kanzu ya bwana harusi haikatwi kama ya kwendea mazikoni, na ya kushindia barazani haihitaji darizi ya siku tatu shingoni. Nilikulia chini ya meza yake ya kukatia, nikiokota vipande, na swali hilo ndilo nililosafiri nalo mwezi Juni 2011 nilipokwenda London kumzuru shangazi yangu. Nilikuwa nimeazimia kuitumia wiki nzima kutazama picha za watu wa kale, hasa nguo walizozivaa walipochorwa. Haya yafuatayo ni maandishi ya daftari langu, nimeyanyoosha kidogo tu.

Jumatatu, 13 Juni

Asubuhi shangazi alinifikisha kituo cha Charing Cross, akanionyesha njia, akaenda zake kazini. National Portrait Gallery, jumba la taifa la picha za watu, lipo hatua chache tu kutoka uwanja wa Trafalgar, na kuingia ni bure. Nilipanda moja kwa moja hadi vyumba vya wafalme wa ukoo wa Tudor.

Kilichonisimamisha mwanzo kilikuwa karatasi. Hans Holbein, mchoraji aliyetoka Ujerumani, aliichora kwa wino na rangi za maji kati ya mwaka 1536 na 1537 iwe kiolezo cha picha ya ukutani katika kasri la Whitehall. Kasri liliungua mwaka 1698 na ukuta ukaenda nao, ikabaki karatasi hii ya mfalme Henry VIII akiwa na baba yake nyuma. Ukisogea karibu utaona vitundu vidogo vya sindano vinavyofuata mistari ya mchoro. Unga wa mkaa ulipitishwa humo ili umbo lihamie ukutani. Nilitabasamu peke yangu, maana baba huhamisha maua ya darizi kwa njia iyo hiyo.

Henry amesimama miguu imepanuliwa, na mabega ya joho lake yamejazwa na kutanuliwa hata upana wake unakaribia kuushinda urefu. Kati ya mapaja kimetokezwa kile kifuko cha kitambaa kilichokuwa mtindo wa wanaume wa zama hizo, nacho kinatangaza bila haya kwamba huyu ni mwanamume wa kuzaa. Mtu anapaswa kukumbuka hali yake halisi. Mwaka 1536 alianguka vibaya na farasi, mguu ulikuwa na vidonda vilivyomsumbua, na mrithi wa kiume wa halali alikuwa hajazaliwa bado. Nikauliza swali la baba: anakwenda nayo wapi nguo hii? Nadhani anakwenda nayo kukutana na kila mgeni mwenye shaka, na mabega yale ndiyo yaliyotangulia kumjibu.

Picha ya binti yake, Elizabeth I, ile ya mwaka 1575 hivi iitwayo Darnley, ilinifunza jambo ambalo sikulitarajia. Gauni lake leo linaonekana lina nakshi za hudhurungi na uso wake ni mweupe kama chokaa. Wataalamu wa jumba hili walipoichunguza walibaini kwamba rangi nyekundu zilizotumika ni za aina inayopauka: nakshi zile zilikuwa nyekundu nzito, na mashavu yalikuwa na damu. Kwa hiyo yule malkia mweupe kama mzuka tuliyezoea kumwona vitabuni ni kwa sehemu kazi ya mwanga wa jua na miaka mia nne. Kila fundi anajua kitambaa chekundu kisivyoaminika dirishani.

Nilimaliza siku mbele ya picha nyingine ya malkia huyo, kubwa sana, ya karibu mwaka 1592, iliyochorwa na Marcus Gheeraerts. Amevaa nyeupe tupu, sketi imetandazwa juu ya matao kama hema, na amesimama juu ya ramani ya Uingereza, viatu vyake vikiwa juu ya Oxfordshire, alikokaa Sir Henry Lee aliyeiagiza picha. Nyuma yake kuna radi, mbele yake kuna jua. Alikuwa mwanamke wa miaka 59 hivi asiyeolewa, na weupe ule pamoja na lulu zake ulikuwa tamko la ubikira, lakini lile pindo lililofunika majimbo mazima ya nchi ndilo lililonikaa moyoni. Nchi imevaliwa.

Jumanne, 14 Juni

Jirani na hapo ni National Gallery. Nilikuwa nimejiandalia orodha ndefu, nikaishia kutazama picha mbili tu kwa makini, na sijuti.

Ya kwanza ni ya Jan van Eyck, ya mwaka 1434, mume na mke wakiwa chumbani mjini Bruges. Mume anaaminika kuwa wa ukoo wa Arnolfini, wafanyabiashara wa Lucca, Italia, waliouza hariri na vitambaa vya thamani, na ukilijua hilo huwezi tena kuitazama picha kama wanayoitazama wengine. Wageni waliokuwa kando yangu walinong'onezana kwamba mke ni mjamzito. Hapana. Ameukusanya mbele ya tumbo mrundo wa gauni la sufu ya kijani, kwa sababu gauni lenyewe limekatwa refu kuliko miguu yake, na hilo ndilo kusudi lake: kila pima la sufu linaloburura sakafuni ni fedha ambayo mwenye nalo hakuona haja ya kuibana. Mikono ya gauni imepambwa kwa vipande vilivyokatwa na kukunjwa kimoja kimoja, kazi ya kumvunja fundi mgongo. Ndani kumewekwa manyoya meupe. Mume naye amevaa vazi la zambarau iliyokoza lililotiwa manyoya, ilhali nje ya dirisha mcheri umezaa matunda! Ni msimu wa joto. Hawakuvaa hivyo kwa sababu ya baridi. Walimvalia yule atakayesimama mbele ya picha, na mimi nilikuwa mmojawao baada ya miaka 577.

Ya pili ni ya Holbein, mabalozi wawili wa Ufaransa, mwaka 1533. Watu wote huiendea kwa ajili ya lile fuvu lililochorwa limevutwa, lisilosomeka mpaka utazame kwa upande. Mimi nilishikwa na tofauti ya nguo. Jean de Dinteville, mtu wa siasa, anaonyesha atlasi ya rangi ya waridi chini ya joho jeusi fupi lenye manyoya yaliyofurika mabegani. Rafiki yake Georges de Selve, askofu, amejifunga katika joho refu lililofumwa maua, akilishika kwa mkono kana kwamba hataki liachie nafasi. Nguo ya kwanza inaingia chumbani kwa kishindo na ya pili inakaa kando, ingawa kwa bei sidhani zilipishana sana.

Jumatano, 15 Juni

Mvua tangu alfajiri. Nilikwenda makumbusho ya Victoria and Albert, nami naiandika siku hii kuwa ndiyo iliyonifaa kuliko zote kama binti wa fundi, kwa kuwa humo kuna kitu nadra mno: picha ya mtu na nguo yake yenyewe, vikiwa vimewekwa pamoja.

Mwanamke huyo aliitwa Margaret Layton. Koti lake ni la kitani, limedariziwa kwa nyuzi za hariri za rangi pamoja na nyuzi za fedha na dhahabu, maua, ndege na vipepeo vikiwa vimezungukwa na vikonyo vinavyojikunja. Lilishonwa karibu mwaka 1610 na kurekebishwa karibu mwaka 1620, na picha ilichorwa kama wakati wa marekebisho hayo, inavyoaminika, na Marcus Gheeraerts yule yule wa malkia juu ya ramani. Nilisimama nikigeuza shingo kulia na kushoto kwa muda usiopungua saa moja. Mchoraji hakudanganya. Alilifuata ua kwa ua. Pale ambapo uzi wa dhahabu umenyanyuka juu ya kitani, naye ameweka rangi nzito kidogo ili ing'ae ikipigwa na mwanga.

Yale marekebisho ndiyo yaliyonigusa. Tumezoea kudhani kwamba matajiri wa kale walivaa na kutupa, kumbe bibi huyu alikuwa na koti la miaka kumi, mtindo ukabadilika, akalirudisha kwa fundi, kisha akalivaa siku ya kuchorwa. Baba hurudishiwa kanzu za namna hiyo kila mwezi wa Shaabani.

Kwenye kabati nyingine nilitazama lasi na nikakumbuka ile kola kubwa ya mizunguko shingoni mwa watu wote wa zama za Elizabeth. Haikuweza kusimama bila kanji, na ustadi wa kuitia kanji uliletwa London mwaka 1564 na mwanamke kutoka Flanders, Dinghen van der Plasse, aliyewafundisha wengine kwa malipo. Kola ile haimruhusu mtu kuinama wala kubeba kitu kichwani, wala kukaribia jiko lenye moshi. Inasema tu kwamba mwenye kuivaa ana watu wa kumfanyia hayo.

Tena kulikuwa na sheria. Amri ya malkia iliyotolewa Greenwich mwaka 1574 iliorodhesha nani avae nini: hariri ya zambarau na kitambaa cha dhahabu viliwekewa ukoo wa kifalme na wakubwa wachache wa daraja la juu. Mtu wa pwani yetu hahitaji kuelezwa maana yake. Unguja ya karne ya 19, mtumwa hakuruhusiwa kofia wala viatu mbele ya bwana wake, na baada ya amri ya mwaka 1897 ya kuondoa utumwa, waliokuwa watumwa walianza kujifunika na kuvaa kanzu, kofia, kanga na baadaye buibui kwa shauku iliyoonekana mitaani kote. Waliyapokea mavazi yale kama hati ya uhuru.

Alhamisi, 16 Juni

Treni ya kutoka King's Cross hadi Hatfield haifiki hata nusu saa, na lango la Hatfield House linatazamana na kituo. Hapa palikuwa na kasri la zamani ambamo Elizabeth alilelewa, na ndipo alipopata habari mwaka 1558 kwamba amekuwa malkia. Jumba la sasa lilijengwa na waziri Robert Cecil, likamalizika mwaka 1611.

Nilikuja kwa picha moja, iitwayo ya Upinde wa Mvua, ya karibu mwaka 1600. Malkia anakaribia miaka 70 lakini amechorwa msichana, nywele zimeachiwa mabegani kama bibi harusi. Kifuani amevaa kitani kilichodariziwa maua ya mwituni. Juu yake amejitanda joho la rangi ya chungwa, na humo ndani, mahali ambapo wewe na mimi tungeweka maua au mistari, pametawanywa macho na masikio ya binadamu. Kwenye mkono wa kushoto wa gauni amejikunja nyoka wa lulu na vito, na kinywani mwake unaning'inia moyo mwekundu. Nyoka ni hekima, moyo ni mapenzi, na hekima ndiyo iliyoshika hatamu. Macho na masikio yale sikuhitaji kuelezwa. Huyu ni mtawala mwenye watu kila pembe wanaomwonea na kumsikilizia, na picha imekaa katika nyumba ya ukoo wa waziri aliyewaendesha watu hao.

Kisha nikasoma maneno yaliyoandikwa juu ya mkono ulioshika upinde wa mvua: *Non sine sole iris*, yaani hapana upinde wa mvua pasipo jua. Nikacheka kwa sauti, mlinzi akageuka. Hii ni kanga! Ina mji, ina pindo, na ina jina. Bibi zetu walianza kuandikiwa maneno kwenye kanga mapema katika karne ya 20, kwanza kwa herufi za Kiarabu, na tangu hapo mwanamke wa pwani anaweza kumjibu jirani bila kufungua kinywa, kwa kupita tu mbele ya nyumba yake. Malkia wa Uingereza aliifahamu lugha hiyo. Alijitanda macho ili wabaya wake wajue wameonwa, akaandikiwa jina ili rafiki zake wajue jua ni nani.

Upinde wenyewe umepauka. Umebaki kama bomba la kioo mkononi mwake.

Katika treni ya kurudi niliandika majina mawili nisiyotaka kuyasahau, Walter Fyshe na William Jones. Hao ndio mafundi waliomshonea Elizabeth, wa pili akimrithi wa kwanza mwaka 1582, na tunawajua kwa sababu daftari za hesabu za mavazi yake zimehifadhiwa.

Ijumaa, 17 Juni

Sikutembea sana. Baada ya sala shangazi alirudi mapema, tukakaa jikoni, nikamwonyesha kadi niliyoichukua kutoka nyumbani, picha ya Sayyida Salme binti Said, binti wa Sultani wa Unguja.

"Huyu kapigwa hapa Ulaya," nikamwambia.

"Mbona kavaa kwao, mwanangu?"

Hilo ndilo fumbo. Salme aliondoka Unguja mwaka 1866, akabatizwa Aden mwaka uliofuata, akaolewa na mfanyabiashara Mjerumani na kuhamia Hamburg, ambako ilimbidi ajifunze kuvaa Kizungu. Picha ilipigwa huko huko, studio, naye amevaa mavazi ya Kiomani na vito vyake. Lakini uso uko wazi. Binti wa Sultani asingetoka Unguja mbele ya mwanamume wa nje bila barakoa, kwa hiyo vazi linasema Unguja na uso unasema Hamburg, katika picha moja. Shangazi aliishika kadi muda mrefu. Amekaa mji huu tangu ujana wake na kila Ijumaa hutoa buibui lililokunjwa kabatini. Hakusema neno, akanirudishia, akainuka kutia chai.

Mwaka 1875 Sultani Barghash alipozuru London, Salme alikuja hapa akitumaini kumwona kaka yake. Hakuonana naye.

Jumamosi, 18 Juni

Siku ya mwisho nilirudi National Portrait Gallery kwa ajili ya picha moja iliyokuwa imewasili mwaka huo, mali ya Mamlaka ya Makumbusho ya Qatar, imeazimwa. Ni ya Ayuba Suleiman Diallo, iliyochorwa na William Hoare mwaka 1733.

Ayuba alikuwa Mfula wa nchi ya Bondu, katika Senegali ya leo, mwana wa imamu na msomi wa Kurani. Alitekwa karibu na mto Gambia, akanyolewa kichwa na ndevu ili aonekane mateka wa vita, jambo aliloliona kuwa fedheha kubwa kuliko yote, akauzwa na kuvushwa bahari hadi Maryland, Amerika, kwenye mashamba ya tumbaku. Barua aliyomwandikia baba yake kwa Kiarabu ilipita mikono mingi ikafika kwa James Oglethorpe, mbunge wa Uingereza, na kwa njia hiyo akaletwa Uingereza mwaka 1733, akakombolewa. Hapa London aliandika Kurani nzima kwa kichwa, bila nakala ya kutazamia, tena zaidi ya mara moja.

Thomas Bluett, aliyesafiri naye kutoka Maryland na kuandika habari zake mwaka 1734, anasimulia siku ya kuchorwa. Mwanzo Ayuba hakutaka, kwa kuchelea kwamba sanamu huabudiwa. Aliporidhika kwamba ni kumbukumbu tu kwa marafiki, alikaa, uso ukakamilika, na ndipo likaja suala la nguo. Ayuba akataka avikwe mavazi ya kwao. Mchoraji akasema hawezi kuchora vazi ambalo hajaliona. Ayuba akamwuliza, ikiwa hamwezi kuchora vazi msiloliona, vipi baadhi yenu wachoraji huthubutu kumchora Mungu ambaye hakuna aliyemwona?

Nilisimama mbele yake nikiwa na swali langu la wiki nzima, nikaona kwamba yeye ndiye wa kwanza aliyelijibu mwenyewe. Henry na Elizabeth walikuwa na mafundi, waandishi na hazina. Salme tunabaki kumkisia. Huyu alikuwa na uhuru wa miezi michache tu, katika mji usiokuwa wake, na jambo aliloling'ang'ania ni nguo. Amevaa joho jeupe na kilemba, Kurani imening'inia shingoni kwa kamba. Ndevu zimeota tena. Anatazama mbele kwa utulivu, wala hakuna pingu, tumbaku, wala bwana pembeni. Mwaka uliofuata alirudi Afrika, na nadhani picha hii ndipo safari ya kurudi ilipoanzia.

Nilinunua kadi yake, na jioni nikampigia baba. Nikamweleza habari yote, na ya kwamba, kwa mujibu wa Bluett, Ayuba alipopelekwa mbele ya ukoo wa kifalme alikuwa amevaa vazi la hariri la thamani lililoshonwa kwa mtindo wa kwao. Baba alinyamaza kidogo. Nikasikia mkasi ukiwekwa mezani.

"Nani aliyemshonea, huko?"

Nikamwambia Bluett hakumtaja.

"Basi alikaa naye," baba akasema. "Vazi hulijui, mwenyewe ndiye kipimo. Lazima alikaa naye siku mbili tatu, anamwonyesha kwa mikono: hapa panapanuka, hapa panashuka." Kisha akaniuliza ile shingo ya joho imekatwaje, ya duara au ya kupasuliwa, nikaisogeza kadi karibu na taa ya jikoni kwa shangazi ili nimtazamie.